Kiingereza cha Dunguni

Mpaka leo sijui ni nani aliyekaa kitini akaamua kwamba mwanamke wa kupima uzito wa watoto wa Kimatumbi na Kindengereko ni lazima ajue Kiingereza. Watoto wenyewe hawakijui, mama zao hawakijui, na mizani haisemi. Lakini tangazo lilisema hivyo, na tangazo la serikali mwaka ule wa hamsini na nne halikuwa kitu cha kubishana nacho. Lilibandikwa kwenye kibanda cha wavuta pantoni pale Ndundu, kivukoni mwa Rufiji. Zahanati mpya ya kina mama inafunguliwa Kibiti, anatakiwa mhudumu mmoja, awe mwanamke, ajue kusoma na kuandika, na azungumze Kiingereza cha kufahamiana na Bibi Mganga, ambaye ni Mzungu na mgeni wa nchi.

Nililisoma mara tatu. Darasa la nne nilikuwa nimelimaliza, na kwa wanawake wa kijiji chetu cha Umwe siku zile hilo halikuwa jambo dogo. Lakini Kiingereza sikuwa nacho hata cha kuombea maji. Kiswahili changu chenyewe kilikuwa na Kimatumbi ndani yake, maana wazazi wangu waliteremka kutoka milimani nikiwa nimebebwa mgongoni, na nyumbani kwetu hatukusema lugha nyingine. Nikifungua mdomo sokoni, watu wa pwani walianza kucheka kabla sijamaliza kusalimia.

Na kazi ile niliitaka kwa roho yangu yote. Mume wangu Khamisi alikuwa amekwenda kwenye mashamba ya mkonge. Mwaka wa kwanza alileta barua, wa pili akaleta salamu, wa tatu hakuleta kitu. Ndugu yake Shaabani akanijia nyumbani, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi zaidi:

"Shemeji, mafuriko yamekula mpunga wako miaka miwili mfululizo. Nakungojea mavuno haya tu. Yakikushinda, watoto nawachukua nakwenda nao kwetu Mohoro. Damu yetu haiwezi kulala na njaa."

Watoto wangu walikuwa wawili, Johari na mdogo wake Sijaona. Mbele za watu Shaabani alikuwa na haki, na hapakuwa na mtu ambaye angemzuia. Nilimpa chai, akanywa, akaaga.

Shamba langu lilikuwa bondeni, ng'ambo ya mto, likipakana na la Mwanamkuu. Huyu alikuwa Mndengereko wa Nyamisati, mtu mzima kunipita kwa miaka kumi na tano, mjane, hana mtoto. Ujana wake wote aliumalizia Dar es Salaam akilea watoto wa Wazungu, akarudi mama yake alipofariki, akanyoosha kamba ya shamba kando ya langu. Sisi wawili tulikuwa watani, watu wa milimani na watu wa bondeni, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hakunisalimia bila kunitukana. "Mtani," angesema, "huko kwenu milimani kweli mnakula mawe, au hizo ni habari tu?" Nami nilimjibu kwamba kula mawe ni afadhali kuliko kula matope na kaa.

Nilipomweleza habari za tangazo nilikuwa nacheka, maana nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Yeye hakucheka.

"Hicho Kiingereza mie ninacho," alisema. "Kinanijaa tumboni bure, sina wa kumwambia."

"Basi nenda wewe ukaombe."

"Kusoma sijui hata alifu, mtani. Wametaka mwenye vyote viwili. Mie ninacho kimoja, na wewe unacho kimoja. Sasa yupi kati yetu mwenye watoto?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Lakini mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa, na asiyelima bondeni hajui maana yake. Wakati ule ndege wa kwelea kwelea wanakuja kama wameitwa kwenye karamu. Ukishuka dunguni kwenda kuchota maji tu, unarudi unakuta pembe moja ya shamba ni mabua matupu. Kwa hiyo kila mwenye shamba anahamia kwenye dungu lake, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, anakaa huko tangu alfajiri mpaka jua linazama, na kombeo lake, vidonge vyake vya udongo, na kamba za kutikisa madebe. Dungu la Mwanamkuu lilikuwa mbali na langu kiasi cha hatua mia mbili. Hapakuwa na njia ya kukaa pamoja kwenye mkeka tukasoma kama watu.

Tukasoma kwa kupiga kelele.

Neno la kwanza alilonifundisha lilikuwa la kushukuru. Alisema watoto wa Kizungu hawapewi kitu mpaka walitamke, hata maji, hata kipande cha mkate, kwa hiyo mtu akitaka kuingia nyumba ya Mzungu aanze na hilo. Alisimama ukingoni mwa dungu lake, akaweka viganja mdomoni, akalirusha. Nami nikalirudisha.

"Sijasikia!" alipiga kelele. "Rudia!"

Nikarudia.

"Sijasikia! Rudia!"

Upepo ulichukua nusu ya kila kitu tulichosema. Ilibidi nivute pumzi kutoka kwenye nyayo ndipo neno lifike upande wa pili likiwa zima. Baada ya siku kumi sauti ilinikauka, nikawa nakunywa uji wa asali. Wavuvi waliopita mtoni kwa mitumbwi waliwasikia wanawake wawili wakirushiana Kiingereza juu ya mpunga, wakaenda Ndundu wakaeneza kwamba kule bondeni kumeingia pepo la Kizungu. Sifa hiyo ilitusaidia, maana hata wezi wa mahindi walituepuka.

Kiingereza chenyewe kilikuwa cha yaya. Fungua mdomo. Usilie. Kijiko kimoja tu. Onyesha panapouma. Nyoosha mkono. Lala. Mtoto mzuri. Sema asante. Sikujua wakati ule kwamba Kiingereza kina aina. Nilidhani Wazungu wote, na majaji wao, wanaongea hivyo.

Saa za adhuhuri, jua likiwaka na ndege wamejificha, tulikutana mpakani tukala pamoja. Samaki wa kukausha walikuwa wake, ugali ulikuwa wangu. Hapo alinifundisha pia Kindengereko chake, kwa mzaha, kila aliponikuta nimeshindwa kutukana vizuri. Na siku moja nikamwuliza kwa nini anajisumbua hivi na mtu wa milimani.

Alitafuna kwanza, akameza.

"Mama yangu alikuwa na upele mguuni," alisema. "Akaenda zahanati, pahala pamoja huko, si hapa. Karani akampa chupa, akamweleza kwa Kiswahili cha mbio, cha mjini. Mama alikijua kidogo tu. Akaitikia, ndiyo bwana, ndiyo bwana. Utamwambiaje bwana hukumfahamu? Si adabu. Akarudi nyumbani akainywa. Ilikuwa dawa ya kupaka, mtani."

Nikalirudisha tonge nililokuwa nalo mkononi.

"Mwezi huohuo mie nilikuwa Dar es Salaam, namshika mkono mtoto wa Mzungu, daktari anamwuliza kwa lugha yake mwenyewe panapouma. Mara tatu anamwuliza. Na mtoto alikuwa na mafua." Akakung'uta miiba ya samaki kwenye majani. "Nataka pale Kibiti akae mtu anayejua kuuliza. Haya, panda dunguni. Hao wanarudi."

Nilikuwa nimeandika kuomba kazi; barua ya kuitwa ikafika, na siku iliyoandikwa ilinivunja moyo. Ilikuwa ndani ya juma lile baya kuliko yote, punje zikiwa laini na ndege wakiwa wazimu. Kuvuka mto, kupata lori hadi Kibiti, kulala, kuulizwa maswali, kurudi: siku tatu. Mama yangu alikuwa Umwe na watoto, miguu yake imevimba, hawezi kupanda dungu. Nikikaa, nimeikosa kazi. Nikienda, nimeukosa mpunga, na kazi bado si yangu.

"Nenda," Mwanamkuu alisema. "Nitaangalia."

"Kote kuwili?"

"Mwenyezi Mungu kanipa macho mangapi? Mawili. Moja lako, moja langu. Nenda, mtani, usinijazie maneno."

Nilikuwa na akili ya kujua kwamba mtu mmoja hawezi kuamia ndege kwenye mashamba mawili. Nasema hili kwa aibu. Nilijua, na nikachagua kuamini hadithi ya macho mawili, kwa sababu nilitaka kwenda.

Pale Kibiti tulikuwa wanawake watatu. Wenzangu wawili walikuwa wasichana wa mjini, wamevaa viatu. Karani aliyeshika orodha aliitwa Dadi, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na Kiswahili kilichonyooka. Nilipotaja jina langu, Mwanahalima, na kwamba natoka Umwe, alitabasamu.

"Mmatumbi," alisema. "Nimekusikia tangu kwenye salamu."

Nikaingia. Bibi Mganga alikuwa mwanamke mwembamba, mwekundu kwa jua, ameketi nyuma ya meza. Aliniuliza kitu kwa Kiingereza, taratibu, na nilielewa kwamba anataka jina langu. Sasa mwanadamu hutumia kitu kama alivyofundishwa. Mimi sikuwahi kusema neno hata moja la Kiingereza kwa mtu aliye karibu yangu kuliko hatua mia mbili. Nikavuta pumzi kutoka kwenye nyayo, nikamjibu.

Kalamu ya Dadi ilianguka. Bibi Mganga alirudi nyuma na kiti chake. Nje mtoto alianza kulia.

Nilijua nimekosea lakini sikujua nimekosea nini, kwa hiyo nikafanya kama Mwanamkuu alivyonizoesha: nikarudia, kwa nguvu zaidi.

Aliniuliza ningemwambia nini mtoto anayeogopa dawa. Hilo nililijua! Nikamwimbia lote, usilie, fungua mdomo, kijiko kimoja tu, mtoto mzuri, sema asante, na madirisha yakatetemeka. Bibi Mganga akaweka mkono mdomoni. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko akasema maneno ambayo Dadi alinitafsiria: kwamba hivyo hivyo ndivyo yaya wake alivyokuwa akimwambia alipokuwa mdogo. Hakucheka kwa ubaya. Kisha akafuta macho, akanipa karatasi ya Kiingereza, barua ya ofisini, nisome na kueleza maana. Herufi nilizijua zote. Maana sikuona hata moja.

"Bibi anasema ahsante kwa kuja," Dadi alitafsiri. "Utaandikiwa."

Kila mtu anajua maana ya kuandikiwa.

Nilitoka nje nikasimama kwenye baraza. Nilikuwa namwona Shaabani akimshika Johari mkono. Baraza lilikuwa limejaa kina mama, maana dawa zilikuwa zimeanza kutolewa asubuhi ile. Karibu yangu aliketi mwanamke na mtoto kifuani, na chupa mkononi, akiigeuza huku na huku. Nilimtambua kwa msuko wa nywele kwamba ni wa kwetu, nikamsalimia kwa Kimatumbi, kisha nikamwuliza dawa ile ni ya kunywa au ya kupaka.

"Sijui," alinijibu kwa sauti ya chini. "Yule bwana kasema mbio. Nimeitikia tu."

Mwenyezi Mungu anisamehe, mimi nina hasira. Mama yangu alisema nilizaliwa nikigombana. Hasira ile ilinipanda kutoka palepale pumzi zangu zilipokuwa zikitoka mwezi mzima. Nikasimama katikati ya baraza, nikasahau kwamba siko bondeni, nikapiga ukelele kwa Kimatumbi: nani hapa hajui dawa yake inatumikaje? Wakaangaliana. Nikauliza tena kwa Kindengereko, kile cha Mwanamkuu cha matusi na mzaha, na mwanamke mmoja wa delta akacheka, halafu akainua chupa yake juu. Akafuata wa pili. Kisha wakainua wote, chupa na karatasi za vidonge, mpaka baraza zima likawa mikono.

Bibi Mganga alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia mikono ile, akaniangalia mimi, akaniuliza swali moja tu, kuna nini.

Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini hapo kilitosha. Safari hii nilisema polepole, neno moja moja. Hawajui. Wanaogopa. Wanasema ndiyo. Halafu nikaishika ile chupa na kumwonyesha: mdomoni? Mguuni?

Dadi alikuwa amesimama nyuma yake. Kalamu zake mbili alikuwa amezishika mkononi bila kuandika. Nilitegemea anikemee. Badala yake aliinama akaniambia kitu kwa Kindengereko kizuri kuliko changu: kwamba nyanya yake naye hajui Kiswahili, na yeye alikatazwa shuleni kusema lugha ile hata akaona haya kuisema barazani. Kisha akachukua chupa ya mwanamke wa kwanza upande wake, akachuchumaa, akaanza kumweleza upya. Nimeshamsamehe Dadi siku nyingi. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na moja.

Bibi Mganga aliniajiri kabla ya adhuhuri. Barua za Kiingereza, alisema, atazisoma mwenyewe, ndizo alizosomea.

Siku ya tatu nilivuka Ndundu na karatasi ya kazi imefungwa kwenye pindo la kanga. Nilikuwa nikiimba. Wavuta pantoni waliniuliza kama pepo limenirudia, nikawaambia ndiyo, na limepata mshahara. Nikapita njia ya bondeni nikikimbia, nikatokea kwenye shamba langu, na shamba langu lilikuwa zima. Mpunga ulikuwa umeinama kwa uzito, kila suke na punje zake.

Mwanamkuu alikuwa juu ya dungu langu. Hakuwa kwenye lake. Macho yalikuwa mekundu na mikono imechubuka kwa kamba za kombeo.

Nikageuka nikaangalia upande wa pili wa mpaka. Shamba lake lilikuwa mabua yaliyosimama, meupe, mepesi, hayana cha kuyainamisha. Ndege bado walikuwa humo wanaokota masazo.

Karatasi niliiacha palepale kwenye pindo la kanga.

"Umepata?" alinipigia kelele.

Niliitikia kwa kichwa.

"Alhamdulillahi." Akaanza kushuka ngazi, taratibu, akishika kiuno.

"Mwanamkuu, shamba lako!"

"Nimeliona, mtani. Mie sio kipofu."

"Kwa nini? Ulisema jicho moja moja!"

Alifika chini, akakaa kwenye kipago cha mwisho. "Na kama kazi ungeikosa, je? Shaabani angekuta huna kazi, huna mpunga. Mie nina tumbo moja tu, na hili limeshazoea kaa na matope, wewe mwenyewe ndiye uliyesema. Yako ni matatu."

Nilianguka miguuni pake nikaanza kumshukuru, kwa Kiswahili, kwa Kimatumbi, kwa kila nilichokuwa nacho. Alinisukuma kwa goti.

"Wee! Mtani hashukuriwi, hamfundishwi huko milimani? Mtani anatukanwa. Ukinishukuru tena nakutoza kuku." Akajipangusa, akaondoka zake kupitia mabua yale kwenda kwenye dungu lake, kwa sababu mkeka wake ulikuwa huko na alikuwa hajalala siku tatu.

Mavuno yale niliyavuna naye, tukala naye, mwaka mzima, sufuria moja. Shaabani alikuja, akaona magunia, akaona karatasi, akanywa chai, akarudi Mohoro peke yake. Johari leo ni mkunga. Yote hayo yalikuja baadaye.

Siku ile nilibaki nimesimama chini ya dungu langu na asante yangu nzima bado ninayo. Nilimngojea afike juu. Nilipomwona amesimama ukingoni, anatandika mkeka, nikapanda ngazi yangu, nikaweka viganja mdomoni, nikavuta pumzi kutoka kwenye nyayo, nikamrushia lile neno la kwanza kabisa alilonifundisha.

Ndege wakaruka wote kutoka kwenye shamba lake.

Mwanamkuu alijifunika uso kwa kanga. Halafu naye akaweka viganja mdomoni.

"Sijasikia!" alipiga kelele. "Rudia!"

Nikarudia.